Mtoto wa miaka miwili hachori kitu, anachora tu

Mpe mtoto wa mwaka mmoja na nusu kalamu ya rangi, kwanza ataitia mdomoni. Akiona haina utamu ataigonga mezani asikie inavyolia. Kisha, kwa bahati tu, ncha itapita juu ya karatasi, mstari utatokea, naye atanyamaza aukodolee macho. Atapitisha tena. Utatokea mwingine. Kwa dakika mbili tatu hutamsikia, na mama aliyekuwa jikoni atakuja mbio kuangalia kuna nini, maana kimya cha mtoto wa umri huo huwa na habari yake.

Habari yenyewe ni kwamba amegundua mkono wake unaweza kuacha alama, na alama ikabaki pale hata akiondoa mkono. Sisi tukifika tunauliza, "Umechora nini, mwanangu?" Ni swali la upendo lakini limekosea mlango, kwa sababu hajachora kitu. Amechora tu, basi.

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu ubunifu wa watoto wachanga na wanaoanza kutembea unachanganya mambo mawili: kutengeneza picha, na kujua kwamba unaweza kuanzisha jambo ukaona linafika wapi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hana shughuli yoyote na hilo la kwanza. La pili ndilo linalomshughulisha kutwa nzima, na kwa bahati njema halihitaji duka la vifaa vya sanaa.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Marekani James Gibson na mwenzake Patricia Yonas walijaribu jambo jepesi sana. Waliwapa watoto, kuanzia wa mwaka mmoja na ushee hadi wa miaka mitatu hivi, kifaa cha kuchorea kinachoacha alama, na kingine kinachofanana nacho ila hakiachi alama yoyote. Kama raha ya mtoto ingekuwa ni kuchezesha mkono, kifaa chochote kingetosha. Haikuwa hivyo. Kile kisichoacha alama watoto walikiacha upesi. Kumbe kinachomvuta mtoto ni kuona kilichobaki baada ya mkono kupita, na mzazi akilishika hilo moja, mambo mengine mengi yanamnyookea.

Neno "mbunifu" nalo linahitaji kushushwa kidogo kabla hatujaendelea. Kwa wengi wetu linaleta sura ya mtu kama Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora wanyama Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli, akafariki mwaka 1972 akiwa ameacha mtindo mzima wenye jina lake. Kwa kipimo hicho hakuna mtoto wa miaka miwili aliye mbunifu, na wazazi wakianza kumtafutia mtoto wao dalili za kipaji cha namna hiyo watamchosha na kujichosha. Wataalamu James Kaufman na Ronald Beghetto walipendekeza mwaka 2009 kwamba ubunifu upimwe kwa ngazi nne. Juu kabisa wapo wanaogeuza fani nzima. Chini kabisa kuna ugunduzi ambao ni mpya kwa aliyeugundua tu: mtoto anayetambua kwamba kifuniko cha sufuria kikisukumwa ukingoni kinazunguka. Ulimwengu ulishajua hilo zamani, lakini yeye hakujua mpaka leo asubuhi.

Ngazi hiyo ya chini inapimika. Elena Hoicka na wenzake nchini Uingereza walitengeneza sanduku la ajabu lenye vingazi, nyuzi na matundu, wakawapa watoto vitu wasivyowahi kuviona, halafu wakahesabu kila mtoto anafanya nacho mambo mangapi tofauti: kukigonga, kukitumbukiza, kukining'iniza, kukisugua. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2016, watoto wa mwaka mmoja tu walitofautiana waziwazi, na mtoto mwenye mbinu nyingi mara nyingi alikuwa na mzazi mwenye mbinu nyingi katika kipimo cha watu wazima. Kama ni damu au ni kuiga, utafiti huo haukutenganisha. Mimi ninachokichukua hapo ni kwamba mtoto wa mwaka mmoja tayari anawaza namna mbalimbali za kukitumia kitu, na anayemtazama kutwa ni wewe.

Jicho na mkono

Safari inaanza kabla ya kalamu. Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, yaani kama kutoka titi mpaka uso wa mama. Mwaka 1963 Robert Fantz alionyesha kwamba watoto wa chini ya siku tano tangu kuzaliwa hutazama michoro ya nyeusi na nyeupe kwa muda mrefu kuliko wanavyotazama rangi tupu isiyo na mchoro. Siku hizi mijini zinauzwa kadi za nyeusi na nyeupe za kumwonyesha mtoto, na sina ugomvi na anayezinunua. Ila mtoto anayenyonya kifuani kwa mama aliyejifunga kanga ameshafika kwenye maonyesho: pindo nene, madoa, mji wenye rangi inayogombana na pindo. Akifika mwezi wa nne hivi rangi nazo anazitofautisha karibu kama mtu mzima. Kaa naye karibu na kanga iliyoanikwa kambani inapopepea, umwache atazame hadi achoke mwenyewe.

Miezi sita ikifika, uji unaanza. Humwagika mezani, na kiganja kinaupaka huku na huku. Huo ndio mchoro wa kwanza wa watoto wengi wa kwetu, na kwa kawaida hufutwa kwa kitambaa kabla mchoraji hajaumaliza. Sisemi kila mlo ugeuzwe karamu ya kujipaka. Nasema tu kwamba ukiwa na nafasi, mwachie dakika kadhaa kabla hujashika kitambaa, uone anavyofuata kidole chake kwa macho.

Kwenye miezi tisa au kumi kidole gumba na cha shahada vinaanza kushirikiana, naye anaokota punje ya wali iliyoanguka mkekani kwa umakini wa sonara. Hata hivyo usitarajie ashike kalamu hivyo. Baada ya mwaka mmoja ataishika kwa ngumi, na mstari wake utatoka begani, kwa mkono mzima. Ndiyo maana karatasi ndogo humkera: mkono unatoka nje kabla haujageuka. Sakafu ya saruji, gazeti lililobandikwa chini au upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka jana vinamfaa kuliko daftari. Akikaribia miaka miwili kiwiko kinaingia kazini, halafu kifundo cha mkono, na hapo ndipo mizunguko inapotokea, duara juu ya duara, mpaka karatasi inatoboka.

Watu wenye haraka humshika mtoto mkono na kumchoresha "a" au kuku, wakijitetea kwa methali ya samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ina mahali pake kwenye adabu. Kwenye kalamu haina kazi, kwa sababu mifupa minane midogo ya kifundo cha mkono mtoto huzaliwa nayo ikiwa bado ni gegedu, na huwa mifupa kamili mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi, hata baada ya kuanza shule ya msingi. Mshiko wa vidole vitatu tunaoutaka kwa mwandishi huja kwenye miaka minne au mitano, kwa wengine baadaye. Kumlazimisha wa miaka miwili kunamfundisha jambo moja, kwamba kuchora ni kazi ya mtu mwingine anayotumia mkono wake.

Karibu na miaka mitatu hutokea jambo ambalo ningependa kila mzazi alione likitokea. Mtoto anafunga duara: mstari unaondoka, unazunguka, unarudi pale ulipoanzia na kukutana na mwanzo wake. Kabla ya hapo kulikuwa na mikwaruzo. Sasa kuna ndani na nje. Hazichukui siku nyingi nukta mbili zinaingia ndani, vijiti viwili vinashuka chini, na tunapata yule binadamu maarufu wa watoto, kichwa chenye miguu bila tumbo.

Mfaransa Georges-Henri Luquet alilieleza daraja hilo katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu michoro ya watoto. Aliona kwamba mtoto kwanza huchora bila nia ya kuchora kitu, halafu akitazama alichokifanya anaona kinafanana na kitu, ndipo anakipa jina. Kwa hiyo jina linakuja nyuma ya mchoro. Ndiyo sababu asubuhi mchoro uleule ni "gari" na jioni ni "shangazi", na mtoto hadanganyi mara zote mbili.

Rhoda Kellogg, mwalimu wa chekechea wa San Francisco, alikusanya michoro ya watoto inayokaribia milioni moja kutoka nchi nyingi, na mwaka 1969 akaandika kwamba mikwaruzo yote ya watoto wadogo inatokana na aina 20 za msingi, na kwamba zote zinakwenda kwa ngazi zilezile duniani kote. Wazo tamu. Baadaye mwanaanthropolojia Alexander Alland aliangalia watoto wa nchi mbalimbali, zikiwamo Japani, Ufaransa na Bali kule Indonesia, akaona watoto hufuata upesi sana namna ya kuchora ya kwao, na kwamba ngazi za Kellogg hazikai sawa kila mahali. Kwa mzazi tofauti hii si ya wasomi peke yao. Ukikuta kwenye mtandao jedwali linalosema mtoto wa miezi 30 lazima achore hiki na kile, lisome kama makadirio.

Tunavyoharibu kwa mdomo

Kuna jaribio moja ambalo walimu wa awali wangelibandika ukutani. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walikwenda kwenye chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford na kuchagua watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliokuwa wakipenda kuchora kwa makapeni. Kundi moja waliliahidi cheti chenye utepe kama watachora. La pili walichora, kisha wakapewa cheti bila kuahidiwa. La tatu hawakupewa kitu. Wiki moja mbili baadaye makapeni yaliwekwa tena mezani, bila cheti, bila maneno. Wale walioahidiwa tuzo walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Cheti kilikuwa kimegeuza mchezo kuwa kibarua, na kibarua kisicholipwa nani atakifanya?

Watoto hao walikuwa wakubwa kidogo kuliko tunaowazungumzia hapa, lakini tabia ya kuahidi tunaianza mapema: "Ukichora vizuri nitakupa pipi." Hata sifa za kumwagika, "Waa! Mzuri mno! Msanii wa mama!", kwa kila mkwaruzo, humfundisha mtoto kugeuka kukutazama usoni badala ya kutazama karatasi. Bora useme unachokiona. "Umepita huku ukarudi." "Hii nyekundu umeikandamiza." "Hapa umegongagonga, nukta nyingi." Maneno hayo hayamsifu wala hayamkosoi, na yanamwongezea msamiati kuliko kumsifia. Mara nyingine hata hayo hayahitajiki; kukaa tu karibu, umeshika chai yako, kunatosha.

Kumwonyesha jinsi ya kufanya nako kuna gharama. Elizabeth Bonawitz na wenzake walichapisha mwaka 2011 utafiti wa watoto wa chekechea waliopewa kichezeo cha ajabu chenye siri kadhaa ndani yake. Watoto walioonyeshwa na mtu mzima siri moja, kwa sauti ya ualimu, walirudia hiyohiyo na kuacha kutafuta nyingine. Walioachwa wachunguze wenyewe walizipata zaidi. Mtoto si mjinga: akiona mkubwa amefundisha jambo moja, anahitimisha kwamba hakuna jingine la maana, kwa sababu angeambiwa. Hivyo ukitaka kucheza naye, chukua karatasi yako mwenyewe, uchore ya kwako ya ovyo pembeni, na usimwambie atazame.

Vitabu vya kupaka rangi ndani ya mistari, ambavyo vituo vingi vya kulelea watoto huvitoa kama somo la sanaa, sioni kama ni sumu. Vinazoeza mkono kujizuia. Sanaa si hiyo, na mtoto wa miaka miwili hata huo mstari hauoni kama mpaka.

Mahali pasipo na vifaa

Wapo wanaosema haya ni mambo ya wenye nafasi. Historia inasema vingine. Malezi ya Reggio Emilia, yanayotajwa leo duniani kote kwa jinsi yanavyoipa sanaa ya watoto wadogo uzito, yalianzia kwenye kifusi. Mwaka 1945, vita vikiwa vimeisha majuzi tu, wakazi wa kijiji cha Villa Cella karibu na mji huo wa Italia waliuza kifaru, malori na farasi walioachwa na jeshi la Ujerumani, wakaanza kujenga shule ya watoto kwa fedha hiyo na kwa matofali ya nyumba zilizobomolewa. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, alisikia habari akaenda kwa baiskeli kuona, akabaki na kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1994. Mji ulifungua shule yake ya kwanza ya awali mwaka 1963, na kituo cha watoto wachanga mwaka 1971. Ndani ya shule hizo kuna karakana ya sanaa na mtu wa kuisimamia, na mtoto wa mwaka mmoja anakaribishwa humo kama mwingine yeyote.

Pwani yetu nako kuna mfano. Miaka ya 1980 viongozi wa jamii za Kiislamu za Kenya walitaka watoto wao wapate elimu ya awali bila kuachana na madrasa, na kwa msaada wa taasisi za Aga Khan ukaanzishwa Mombasa mpango wa Madrasa wa elimu ya awali, uliofika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda baadaye kidogo. Walimu wake walikuwa kina mama wa mitaa hiyohiyo, na sehemu ya mafunzo yao ilikuwa kutengeneza vifaa vya michezo kwa vitu vinavyopatikana palepale. Tanzania Bara nayo, katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, imeweka fursa za ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio na ulinzi. Kwa hiyo mchezo umeshaandikwa serikalini pamoja na chanjo. Uliobaki ni uani kwako.

Anza na maji, kama yapo ya kuchezea. Kikopo na brashi kuukuu ya rangi, sakafu ya saruji, jua la saa nne asubuhi: mtoto anapaka, sakafu inakuwa nyeusi, halafu alama inakauka na kupotea mbele ya macho yake. Anapaka tena. Hakuna cha kufua. Brashi kama huna, kipande cha kumbi kinashika maji vizuri, na mswaki wa mti uliotafunwa ncha unachora mstari mwembamba wa kupendeza. Mahali ambapo maji yananunuliwa kwa dumu, chaki na sakafu vinatosha, au mkaa na boksi lililofunguliwa.

Siku ya chapati, kata kidonge kimoja umpe. Anakibonyeza, anakichoma kwa kidole, anakivuta mpaka kinakatika. Mvuke wa jikoni na kelele za kaka zake ni sehemu ya mchezo. Unga mbichi usimwache aule, unaweza kuwa na vijidudu. Na donge la kuchezea linalotiwa chumvi nyingi ili lisioze ni hatari zaidi, kwani chumvi hiyo mtoto akiimeza kwa wingi inamdhuru vibaya.

Machicha ya nazi, ambayo kwa kawaida huishia kwa kuku, ni laini, yanafinyika, yanashika rangi. Kata bamia katikati upate mhuri wa ua. Kata dodoki kavu upate mhuri wa matundu. Jani la mpera likipakwa rangi upande wa mishipa na kugandamizwa kwenye karatasi linaacha kila mshipa. Hayo matatu ya mwisho ni ya waliokaribia miaka miwili. Wa miezi kumi atakula mhuri.

Rangi unaweza kuipika. Kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vitatu vya maji, koroga motoni mpaka uwe uji mzito, acha upoe, gawa kwenye vibakuli. Kimoja tia manjano, kingine maji ya kiazi chekundu cha bitiruti, kingine maji ya choya yaliyochemshwa sana. Inapakwa kwa viganja, na akilamba hakuna neno. Haidumu zaidi ya siku moja mbili bila friji. Kwa mtoto wa miaka mitatu kuna kiini macho cha jikoni: punje ndogo ya magadi, ukiitia wewe mwenyewe, inageuza rangi ya manjano kuwa nyekundu ya matofali, na ndimu inairudisha. Choya nayo hugeuka kuelekea buluu na kijani. Rangi hiyo ya magadi isilambwe, na pakiti iwe mbali. Doa la manjano kwenye kanga likikushinda kufua, lianike juani; jua hulififisha.

Bibi wa nyumba akisema chakula hakichezewi, mimi niko upande wake nusu. Kwa wengi wetu israfu ni jambo zito, na mtoto atakuwa mkubwa aijue. Ndiyo maana nataja machicha, maganda, makapi ya choya, bamia iliyokomaa ikawa nyuzi. Katika nyumba ambayo unga ni wa kuhesabu, mchanga na maji vitafanya kazi ileile.

Utamu mwingine ni wanga mweupe wa mahindi, ule wa kukolezea mchuzi, vikombe viwili kwa kimoja cha maji. Ukiufinya unakuwa jiwe, ukiuachia unatiririka kati ya vidole. Sembe haifanyi hivyo, usijisumbue.

Usimwage vyote kwa siku moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha mwaka 2018 kwamba watoto wa miezi 18 hadi 30 waliowekewa vichezeo vinne walicheza na kila kimoja kwa muda mrefu na kwa namna nyingi zaidi kuliko walipowekewa 16. Kitu kimoja au viwili leo, vingine wiki ijayo.

Yanayodhuru

Kipimo rahisi cha kinachoweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu ni lile bomba la ndani la karatasi ya chooni: kinachopita humo kisiwe mkononi mwake. Shanga, maharage, punje za mahindi, vifuniko vidogo, vipande vya puto na, baya kuliko yote, betri za kitufe. Punje kavu ikiingia puani inavimba kwa unyevu. Ndoo au beseni lenye maji ya sentimita chache tu linatosha kumzamisha, kwa hiyo mchezo wa maji ukiisha yamwagwe.

Ya kwetu hasa ni mawili. Wanja wa asili mara nyingi una madini ya risasi, na risasi haina kiwango kilicho salama kwa ubongo wa mtoto. Usimchoree nyusi nao wala usiugeuze rangi ya kuchezea. Piko, ile nyeusi inayowekwa badala ya hina, ina kemikali ya rangi ya nywele inayoweza kuchoma ngozi na kuacha makovu. Rangi za nyumba na za milango nazo si za mtoto hata zikiwa zimebaki kidogo tu koponi. Udongo wa uani panapopita kuku na paka hubeba minyoo na vijidudu, na mtoto anayetambaa hupeleka kila kitu mdomoni. Beseni la mchanga uliooshwa, linalofunikwa usiku, ni afadhali.

Kuhusu simu ni fupi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Kidole kikipita juu ya kioo alama inatokea, kweli, lakini haina unyevu, harufu wala ukinzani, na inafutika yenyewe programu ikifungwa.

Nani atafua?

Katika nyumba nyingi za mijini, mtoto kutwa yuko na dada wa kazi au bibi, na anayeamua kama atachora ni yule atakayefua. Mama akirudi saa moja usiku akasema "mwacheni awe mbunifu" bila kuuliza nguo zinafuliwa na nani, ameongeza kazi kwenye mikono ya mtu mwingine. Kaa na dada mpange: fulana moja kuukuu ya kuchafukia, mkeka wa plastiki, saa fulani kabla ya kuoga ili uchafu uende moja kwa moja kwenye beseni. Mwambie pia kwamba mtoto akichafuka saa hiyo, si kosa lake dada. Ukuta nao uwe na sheria ya wazi: kipande fulani, kilichobandikwa boksi, ni cha kuchora, kwingine hapana. Wa miaka miwili atasahau mara nyingi. Mrudishe kwenye boksi bila hotuba.

Bado kuna suala la mkono upi. Takriban mtu mmoja kati ya kumi hutumia mkono wa kushoto, na kwa watoto wadogo ni kawaida kubadilishana mikono hadi miaka miwili au zaidi. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu inayofundishika, na familia inayoishika iendelee nayo, lakini kalamu iachwe kwenye mkono ulioichagua. Weka kitu katikati mbele yake, usikielekeze upande wowote. Linalohitaji jicho ni kinyume chake: mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayetumia mkono mmoja tu kila wakati, huku mwingine ukiwa umekunja ngumi au umelegea, huenda ana udhaifu upande huo. Huyo apelekwe kliniki sasa, bila kusubiri tarehe ya chanjo inayofuata, na mhudumu aambiwe mliyoyaona mkiwa mnacheza.